Jiwe Lililochemka Shuleni

Juzi mjukuu wangu alileta mfuko wa chokaa, akaikoroga kwenye ndoo uani ili apake ukuta wa jikoni kabla ya Krismasi. Mimi nilikuwa ndani napepeta mchele. Harufu ilipoingia dirishani niliuacha ungo kitini, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaenda kukaa kwa jirani mpaka kazi ikaisha. Maskini, kijana akadhani nimemkasirikia. Sikumkasirikia hata kidogo. Harufu ya chokaa inapokutana na maji ina ukali unaoshika puani, ina joto ndani yake, na kwangu mimi imeshikana na sauti ya watoto wa shule wakicheka. Hicho kicheko ndicho nisichokiweza. Jioni nilimsimulia kisa hiki nusunusu, na tangu hapo sijatulia, basi nimeona bora niwasimulie nyinyi chote. Mniwie radhi nikienda polepole.

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Tulikaa Kisauni, upande wa kuelekea Frere Town, katika nyumba ya udongo na makuti, na tanuu yake ilikuwa chini ya nyumba, karibu na mikoko. Msidhani tanuu hiyo ilikuwa jengo. Yalikuwa magogo yaliyopangwa kwa duara, moja juu ya jingine, katikati pakaachwa tundu la kutilia moto, na juu yake yakarundikwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo ardhini. Moto ulikuwa mkali hata kuku wetu walihama. Ulipokwisha na rundo likapoa, mawe yalibaki na umbo lile lile la zamani, lakini meupe pe na mepesi hata mtoto angeweza kubeba jiwe ambalo jana yake lilimshinda mtu mzima. Hapo ndipo yaliponyunyiziwa maji, na ukiona jinsi yalivyovuma, yakatoa mvuke, yakapasuka na kuporomoka kuwa unga, ungedhani ndani yake mna mtu ameudhiwa.

Kwa sababu hiyo baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Maji hayakuruhusiwa kukaribia tanuu mpaka yeye mwenyewe aseme. Mama akitoka kisimani na mtungi kichwani alizunguka njia ya nyuma. Mawingu yakijikusanya, sote tulikimbia na makuti kufunika mawe kabla ya kukumbuka nguo zilizoanikwa. "Chokaa na maji," baba alisema, "nitawakutanisha mimi." Yeye na vijana wake walijipaka mafuta ya nazi usoni na mikononi kabla ya kazi, na aliyerukiwa na chokaa alipakwa mafuta zaidi. Maji kwa chokaa ilikuwa ni kuongeza balaa. Hilo tulilijua tangu tukitambaa.

Nilimpenda baba, na nilimwonea haya. Nyusi zake zilikuwa nyeupe angali kijana. Jumapili alioga, akajisugua, akajipaka mafuta mpaka anang'ara, lakini akiinamisha kichwa kusali ungeona weupe umebaki nyuma ya masikio. Watoto wenzangu walimwita Mzee Unga. Nilijifanya sisikii, nikamwomba Mungu baba naye asisikie.

Wakati huo ulikuwa wa vita vya Hitla. Makambi ya askari yalikuwa yamejaa huku bara ya Mombasa, na askari walitaka maji. Serikali ikaleta Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kofia iliyoliwa na jua, kazi yake kutafuta mahali pa kuchimba visima. Alizunguka na nyundo ndogo akigonga mawe na kutega sikio, kama mtu anayechagua nazi sokoni, na watu wakampa jina la Bwana Mawe. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrishia watumishi, ila yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuamrisha.

Siku moja alipita shuleni kwetu, shule ya misheni, akawakuta wavulana wakipopoa maembe. Badala ya kugomba, aliokota jiwe mojawapo, akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akalitazama, kisha akaingia nalo darasani. Mwalimu wetu, Mwalimu Yohana, Mtaita mkali aliyetufundisha kila kitu kuanzia hesabu hadi kuchana nywele, alilazimika kusimama kando na kutafsiri. Bwana Mawe alitupitishia jiwe na kioo tujionee vijumba vidogo vidogo vilivyojaa ndani ya jiwe. Akasema vilikuwa nyumba za viumbe wa baharini, na kwamba zamani sana Kisauni yote ilikuwa chini ya maji.

Darasa liliangua kicheko. Mvulana mmoja aliuliza kama Kengeleni, penye ule mnara wa kengele, nako kulikuwa baharini, na kengele ikilia samaki walikuwa wakienda kanisani. Mwalimu Yohana alitafsiri huku anashika bakora, lakini Bwana Mawe alicheka kuliko sisi. Kisha akasema atarudi baada ya majuma machache na kutushindanisha. Kila mtoto alete kitu kilichotoka katika ardhi ya kwao, jiwe au udongo au mchanga, asimame mbele na kueleza kilipata vipi kuwa hivyo kilivyo. Atakayeeleza vizuri atapewa kile kioo kiwe chake. Wazazi nao wanakaribishwa.

Nilikimbia nyumbani bila kungoja wenzangu. Baba alikuwa amekaa kizingitini anatoa miiba mguuni.

"Baba, Bwana Mawe asema mawe yako yalikuwa wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wa baharini. Asema hapa petu palikuwa bahari."

Baba aliuweka mguu chini, akafikiri. "Gharika ya Nuhu hiyo," akasema. "Basi miaka yote hii nachoma wadudu wa Nuhu. Mama Sidi, wasikia?"

"Nasikia," mama akajibu kutoka jikoni. "Wachome vizuri."

Nilipomweleza habari za mashindano alibadilika uso. Akaniambia hatutapeleka jiwe moja, tutapeleka mawili. Moja bichi, moja lililoungua, yote ya aina moja, ili watu wayapime kwa mikono na kuona moto umefanya nini. Halafu yeye mwenyewe atakuja, atalitia maji lile lililoungua mbele ya watu, na jiwe litachemka bila moto. Hakuna mtoto atakayeleta kitu cha kushinda hicho.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Chokaa si kitu cha kuchezea watoto, Baba Sidi."

"Sitacheza. Nitawaonyesha." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wake, "Watoto wao waniita Mzee Unga. Na waje waone huo unga watoka wapi."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe siku zote alikuwa akisikia.

Tangu hapo baba alipotoka kazini aliniketisha na kunifundisha maneno ya kusema, na mimi nikamfundisha yale ya Bwana Mawe, na tukabishana kuhusu Nuhu. Siku zile ninazikumbuka kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma. Alipofungua tanuu alitafuta jiwe muda mrefu. Mawe ya pembeni, ambayo moto umeyapata kiasi, huitika maji papo hapo. Yale ya katikati, yaliyoungua kupita kiasi, hukawia, na yakija kuamka huamka kwa fujo. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kisauni. Lakini mawe ya katikati ndiyo meupe zaidi, ndiyo yanayobaki na maua yake yote, vile vijumba vya Bwana Mawe, bila kumeguka, naye alitaka binti yake apeleke jiwe zuri. Akachagua la katikati.

Siku ya mashindano mama alimpigia pasi koti lake la kanisani. Tulikwenda pamoja, yeye amebeba chungu na mawe ndani ya kikapu kilichofunikwa, mimi nimebeba maji katika kibuyu, mbali naye, nyuma, kama sheria ilivyotaka.

Wazazi waliofika walikuwa wachache. Watoto walitangulia mmoja mmoja. Wengi walileta mchanga na kusema umetoka baharini, basi. Mvulana mmoja wa Mkomani alileta chupa iliyopangwa tabaka za udongo, mweusi juu, mwekundu chini yake, kisha mchanga mweupe, akaeleza kila tabaka vizuri sana mpaka alipoulizwa amechimba wapi. Akasema ni shimo la choo kipya cha baba yake. Watu walicheka, naye akaongeza kwamba choo chenyewe bado hakijatumika. Bwana Mawe alimpa mkono.

Ikafika zamu yangu. Nilisema maneno yote bila kukwama. Mawe yalipitishwa mkono kwa mkono, na niliwaona watoto wakishangaa wepesi wa lile jeupe. Baba akaliweka ndani ya chungu, chungu akakiweka juu ya meza ya Mwalimu, akachukua kibuyu, akamimina maji taratibu.

Jiwe likanyamaza.

Tukangoja. Baba akatabasamu, akasema, "Subirini kidogo." Tukangoja tena. Nyuma kabisa mtu akanong'ona kwamba jiwe la Mzee Unga limelala, na mwenzake akasema liacheni lilale, limechoka. Kicheko kikaanza chini chini, kikapanda. Mwalimu Yohana aligonga meza lakini naye alikuwa anauma midomo. Nilimtazama baba. Jasho lilikuwa limemtoka, na mahali lilipopita shavuni palionekana mstari katika weupe wa chokaa. Akamimina maji mengine, mengi, jambo ambalo nyumbani asingelifanya.

Nadhani Bwana Mawe alitaka kutuokoa na aibu. Alinipa kile kioo akaniambia niiname nitazame maua ya jiwe, niwasomee wenzangu ninachokiona. "Funga jicho moja," akasema. Sikuwahi kujifunza kufumba jicho moja peke yake. Nilikunja uso wote, nikafumba yote mawili, nikafumbua yote mawili, na darasa sasa likawa linanicheka mimi. Mwisho nikainama hivyo hivyo, kioo mbele ya jicho la kulia, la kushoto liko wazi.

Nilisikia kwanza sauti ndogo ya kukatika. Kisha uji wa moto ukaniruka usoni.

Baada ya hapo kumbukumbu zangu ni za masikio. Sauti yangu mwenyewe. Chungu kikianguka. Bwana Mawe akipaza sauti, "Maji! Leta maji!" na viatu vya Mwalimu Yohana vikikimbia kwenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Na juu ya yote sauti ya baba, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa vile.

"Hapana! Musimtie maji! Hamuoni maji yalivyofanya? Mwataka kumchemsha mwanangu?"

Na walikuwa wameona. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe vizuri. Watu wote mle ndani walikuwa wametoka kuona kwa macho yao maji yanavyoigeuza chokaa kuwa moto, na aliyesema alikuwa fundi, mtu wa pekee pale aliyejua kazi hiyo. Mwalimu Yohana alisimama na ndoo yake mkononi. Bwana Mawe alikuja kunishika kwa nguvu, na baba, ambaye hakuwahi kumtazama Mzungu usoni, alimsukuma kifuani. Siku zile mtu aliweza kufungwa kwa jambo hilo. Baba akanikumbatia, akaniziba uso na kifua chake, akampigia kelele mtoto mmoja akimbie nyumba ya jirani kuleta mafuta ya nazi.

Yule mtoto alikimbia sana. Hata hivyo alikawia. Nilikuwa nimebanwa katika lile koti lililopigwa pasi, nahisi moyo wa baba ukigonga, na jicho langu likiungua, naye ananiambia, "Mafuta yaja, Sidi. Mafuta yaja, mama." Yalipofika aliyamimina jichoni mwangu. Yalikuwa ya baridi, nikamwamini.

Bwana Mawe alitupeleka hospitali kwa gari lake, tukavuka kwenda kisiwani kwa daraja la siku zile, lililoelea juu ya maji, mimi nikilia kila gari lilipoyumba. Huko waliniosha kwa maji, kwa muda mrefu, mimi nikiwapigia kelele waache, kwamba baba amekataza. Niliporudi nyumbani nilikuwa na jicho moja. La kushoto lilikuwa limeziba kwa weupe, na lipo hivyo hadi leo. Lile lililokuwa nyuma ya kioo lilisalimika. Sina haja tena ya kujifunza kufumba jicho moja.

Kioo alipewa mvulana wa Mkomani, kwa haki. Bwana Mawe alikuja kwetu mara moja na sukari, akakaa kidogo na baba kwenye mkeka, akaondoka. Habari ya kusukumwa hakuipeleka popote. Shuleni hapakushindanishwa tena watoto kwa mawe. Nilirudi darasani, na kitu cha ajabu ni kwamba niliendelea kuyapenda mawe. Baba hakuweka tena mguu pale. Lakini hakuna aliyemlaumu. Kanisani wazee walisema bila yale mafuta ningepoteza macho yote mawili, pengine na maisha, na kwamba Mungu amempa baba busara ya haraka. Hata jina la Mzee Unga lilikoma. Nami nilijivunia. Aliyeniuliza habari za jicho langu nilimwambia, baba yangu aliokoa lile jingine.

Nilisema hivyo mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, chuo cha ualimu. Muuguzi mmoja alikuja kutufundisha huduma ya kwanza. Alitaja mambo mengi, kuvunjika mfupa, kuumwa na nyoka, akafika kwenye macho. Akasema chokaa ikiingia jichoni usipoteze nukta hata moja, mwagia maji, mengi sana, endelea kumwagia, maana maji kidogo ndiyo yanayoichemsha, mengi huipoza na kuiondoa. Usihangaike na mafuta. Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama meza yangu. Nilijua hakuna anayenitazama, na nilihisi wote wananitazama.

Likizo iliyofuata nilimkuta baba amezeeka ghafla. Tulikuwa wawili, mama ameenda sokoni. Akaniuliza mambo ya chuo, chakula, walimu. Kisha, macho yake yako kwenye moto wa chai, akasema, "Na huko mwafundishwa mambo ya dawa pia?"

"Kidogo, baba."

"Chokaa ikiingia jichoni, wao wasemaje?"

Sikungoja. Jibu lilikuwa tayari kinywani, nililibeba njia nzima. "Mafuta, baba. Vile vile ulivyofanya."

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake. "Haya," akasema. "Mungu ashukuriwe." Akaomba chai.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa la mapenzi. Kwa miaka mingi lilikuwa faraja yangu, hasa alipougua, na hata alipofariki nilijiambia kwamba walau amekwenda bila kujua.

Katika matanga yake akaja mwanamume mmoja, Karisa, aliyewahi kuwa kijana wake pale tanuuni. Akaniinamia akaniambia kwamba macho yake mawili ameachiwa na baba yangu. Nilidhani ni maneno ya msibani. Akaeleza. Mwaka uliofuata ule wa ajali yangu alirukiwa na chokaa usoni, akalia aletewe mafuta, kama tulivyozoeshwa sote. Baba alimwangusha chini, akamkalia, akammwagia maji kutoka pipa alilokuwa ameliweka pale pale kando ya tanuu, mpaka Karisa akadhani anazamishwa.

"Alikuwa akilia, dada," akasema. "Amwaga na alia. Daktari alikuwa amemwambia siku ile ile ya kwako. Akatuapisha tusikwambie."

Basi aliponiuliza pale kwenye moto wa chai, baba alikuwa akijua jibu kwa miaka mingi. Hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa ametafuta njia ya kulileta lile jambo kati yetu, kwa namna ya mtu asiyejua kuomba, ili nami nijue, niseme, nikasirike nikitaka, halafu nimsamehe. Ningemsamehe kabla hajamaliza kusema. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia hana kosa, na mtu uliyemwambia hana kosa huwezi tena kumsamehe. Akaupokea uongo wangu, akaushukuru, akanywa chai yake.